Datsun 240Z inatimiza miaka 55, wenye magari ya zamani Tabora na Kigoma tukutane Oktoba

Garaji la Isevya (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Watu wa Kigoma nawasalimia kipekee maana najua mtafika kwenye huu uzi kabla ya Tabora wenyewe.

Iko hivi. Oktoba hii ya 2024 Datsun 240Z inafikisha miaka 55. Ilizinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Nissan Fairlady Z, huku nje ikauzwa kama Datsun 240Z. Kwa vijana wa Altezza ambao hawaijui, ni gari ya milango miwili na siti mbili, boneti ndefu, mgongo unateremka mpaka nyuma, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2393, kabureta mbili, nguvu za farasi 151 kwa hesabu za Marekani za wakati ule, na gari zima uzito wake ni tani moja na kidogo tu. Marekani ilianza kuuzwa dola 3,526 wakati ukitaka Jaguar E-Type au Porsche 911 unajipanga kwa hela nyingine kabisa, ndo maana watu waliigombania, kizazi cha kwanza peke yake mpaka 1978 ziliuzwa zaidi ya laki tano.

Wenye nazo huko Marekani, Uingereza, Australia na Japani kwenyewe wana vyama vyao na wanakutana kila mwaka, ukifika mwaka wenye namba nzuri kama huu ndo balaa. Nimeangalia sana video za mikutano yao. Magari yamepangwa kwenye nyasi yanang'aa mpaka unajiona sura, majaji wanapita na tochi wanachungulia kama bolti ni ya kiwandani au ya dukani, mwenye gari kakaa pembeni na taulo mkononi anafuta alama za vidole vya watoto. Mengine yamekuja juu ya trela na yatarudi juu ya trela. Sina ugomvi na mtu na mali yake ila kwangu mimi hayo ni maonyesho ya vyombo vya kabatini.

Nasema hivyo kwasababu hii gari heshima yake haikutoka kwenye nyasi, imetoka kwenye tope na vumbi la huku kwetu. 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki na Datsun 1600 SSS, mwaka uliofuata wakapewa 240Z, ukiiangalia ilivyo chini unajiuliza inapitaje kwenye matope ya mwezi wa Pasaka, wakashinda tena, na aliyewafuata nafasi ya pili ni Shekhar Mehta na 240Z nyingine. 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews, hapo sasa sikilizeni, akamaliza pointi sawasawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kukatwa pointi, akawa Mehta. Mtoto wa Uganda huyo, familia yao Amin alikuwa kawafukuza mwaka mmoja tu kabla.

Na mbio zenyewe enzi hizo sio za barabara zimefungwa na askari kila kona. Zilianzishwa 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth, wakapita barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, ng'ombe yupo, lori lipo, mto umejaa, utajua mwenyewe. 1963 yalimaliza magari saba tu, 1968 tena saba tu. Kwahiyo ukisikia gari ilishinda pale jua imeshinda.

Sasa hapa Tabora Z ipo, moja. Ni ya mzee mmoja mstaafu wa upande wa Cheyo, jina namhifadhia, ni ya 1972, ilitokea Kenya ikapitia Mwanza miaka hiyo, ikaja ikakaa chini ya mwembe muda mrefu mpaka kuku wakawa wanatagia siti ya abiria. Saizi inatembea, mimi ndo naishika.

Pendekezo langu, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba wenye Datsun na Nissan zote za zamani tukutane asubuhi pale nje ya stesheni chini ya miembe. 1200, 120Y, 160J, 180B, pikapu 720, Patrol, njooni. Tukishapiga picha na chai tunaondoka kwa msafara mpaka Kwihara kwenye tembe la Livingstone, njia ya vumbi, tunapumzika, tunarudi. Sharti ni moja tu, gari lije linatembea lenyewe. Kuvutwa hapana, kubebwa hapana.

Nawasilisha.

Mwisho wa Reli

Nimefika wa kwanza, siti ya mbele kabisa. Mkuu picha basi, uzi wa magari bila picha unatutesa sisi wa mbali.

Bwana Athlete

Ngoja nielewe. Mkutano wa wenye Z halafu Z yenyewe ipo moja. Huo sio mkutano mkuu, huo ni mzee kapaki 😂😂

Garaji la Isevya

Ndo maana nimeita ukoo mzima mkuu. Wewe ukifanya kikao cha familia unamwita baba peke yake?

Bwana Athlete

Haya tuseme sawa. Ila farasi 151? Nina Crown Athlete hapa V6 ina mia mbili na kitu, kiyoyozi, giaboksi inajibadilisha yenyewe, nikikanyaga barabara ya Nzega huyo mzee ananiona taa za nyuma tu. Watu wazima mnashangilia gari ya kabureta mwaka 2024 aisee.

Kabureta Mbili

Mkuu Athlete punguza jazba. Crown yako ina tani moja na nusu na zaidi, hiyo Z ina tani moja na kidogo, halafu Z haina kompyuta ya kukuombea msamaha ukikosea kona. Ukitaka kulinganisha namba linganisha na Z ya sasa, ile waliyoizindua 2021, cc 3000, turbo mbili, farasi 400, hapo Crown yako itafute maegesho.

Mimi nipo Nzega nimefanya kazi na hizi injini za Datsun za ukoo wa L tangu zama za pikapu 720, acha niseme kitu kwa faida ya wanaodhani Z ni gari ya ajabu isiyoshikika. Watu wanasikia "gari ya michezo" wanaogopa. Hiyo L24 ya kwenye Z ni ndugu wa damu na L16 ya Datsun 1600 SSS, ile silinda nne. Kipenyo cha silinda ni kilekile milimita 83, yaani Nissan walichukua injini ya nne wakaongeza mbili. Blok ya chuma, hedi ya alumini, kamshafti moja juu, na inazungushwa kwa cheni sio mkanda, kwahiyo ile presha ya kubadilisha belti kila ukifika kilomita fulani hakuna, cheni ikichoka inakuambia kwa mlio, utaisikia asubuhi ukiwasha. Vitu vingi vya ndani unapata kwa ndugu zake, L18, L20B, na L28 iliwekwa mpaka kwenye Patrol. Fundi aliyekulia kwenye Datsun hiyo injini akifungua boneti anasalimiana nayo.

Ugonjwa wake mkubwa ni kutu na sio injini. Mleta uzi naomba unijibu, umeangalia chini ya betri? Tindikali inadondoka pale inakula bati mpaka kwenye reli ya chasisi na kwa juu huoni kitu. Umeangalia sakafu chini ya zulia? Vipi kona za nyuma ya milango mbele ya tairi la nyuma? Mtu anapiga puti na rangi nyekundu, gari inapendeza, ukiipandisha jeki inakunjika katikati.

Halafu kabureta ni zipi? Za 1972 kama hazijachezewa ni zile Hitachi za mfano wa SU, kichwa mviringo. Ukikuta bapa juu ujue kuna mtu kaweka za 1973 au 1974, zile zilitengenezwa kwa ajili ya sheria za moshi za Marekani na hata Wamarekani wenyewe walikuwa wanazitoa wanatupa.

Garaji la Isevya

Heshima yako kaka, sasa hapa ndo uzi unaanza. Kabureta ni mviringo zote mbili. Nilizikuta mtu kajaza mafuta ya giaboksi kwenye ile mirija ya juu, pistoni zinapanda kwa uvivu, ukikanyaga gari inafikiria kwanza. Nimeweka mafuta mepesi, nikasawazisha zote mbili kwa kusikiliza na kipande cha mpira sikioni, sina kile kipimo cha upepo, zinavuta sawa. Pointi na kondensa mpya, plagi mpya.

Chini ya betri palikuwa pameliwa, nimekata nimechomea bati la milimita moja na nusu. Sakafu upande wa dereva nzima, upande wa abiria nadhani kuku walichangia. Puti ipo kidogo mlango wa kushoto sitaki kusema uongo.

Kinachonisumbua ni joto. Mabomba ya petroli yanapita juu ya ekzosti, ukitembea vizuri hamna shida, ukizima dakika kumi jua la saa saba la Tabora, petroli inachemkia kwenye kabureta, kuwasha ni kuomba. Nimeyafunga kwa kitambaa cha kuzuia joto, nimeweka na kibati katikati, imepungua ila haijaisha.

Kabureta Mbili

Hiyo haitaisha, hao wenzio wa Marekani wenye nyasi na wao wanalia nayo kila kiangazi. Ikikataa fungua boneti, iache ipumue, kisha kanyaga petroli mpaka chini ushikilie usipampu, piga stata. Wanaopampu ndo wanaizamisha.

Dada wa Kitete

Shikamooni wakubwa. Mimi nina 120Y ya marehemu baba, rangi ya maziwa, bodi nzima kabisa maana baba alikuwa haruhusu hata mtu aegemee. Shida ni moja, injini yake ilikufa miaka ya nyuma akawekewa ya Corolla. Inaruhusiwa au nibaki nyumbani nipike?

Kabureta Mbili

Dada marahaba. Kwa heshima zote hiyo sio 120Y tena. Gari ya zamani thamani yake ni uasilia, ukitoa injini ya Datsun ukaweka ya Toyota umebaki na boksi la Datsun. Tukianza kuruhusu hayo kesho atakuja mtu na Z yenye injini ya Mark II halafu tumwite nani.

Bwana Athlete

Injini ya Mark II kwenye Z hapo mimi nakuja na pesa mkononi.

Garaji la Isevya

Kaka Kabureta nakuheshimu ila hapa nakupinga. Hivi mwaka ule injini ya mzee wake inakufa, spea za A12, ile injini ya asili ya 120Y, zinapatikana wapi Tabora? Hazipo, na gari ilikuwa inapeleka watoto shule. Akaweka kilichopo gari ikaendelea kuishi. Angesubiri uasilia leo ingekuwa imeshauzwa chuma chakavu kitambo na huyu dada asingekuwa na cha kuuliza. Hao majaji wa tochi wangemkata pointi, mimi nampa. Dada njoo. Sharti nimeweka moja na sijaongeza la pili.

Na kupika usipike, ukija na gari wewe ni mwenye gari kama sisi.

Dada wa Kitete

Asante kaka. Nitapika pia maana nawajua nyie mafundi mtakunywa soda mpaka jioni.

Mzee wa Pijo

Vijana hamjambo. Mimi nipo Ujiji, uzi nimesomewa na mjukuu na ninamwambia anaandika. Nimesikia mnaisifia Datsun weee mpaka mmepitiliza. Hamjamtaja Bert Shankland hata mmoja wenu na mnajiita Watanzania. Huyo alikuwa anaishi hapa Tanzania, akashinda Safari 1966 na 1967 mfululizo akiwa na Chris Rothwell, na gari ni Peugeot 404. Hiyo 1963 na 1968 mnayosema yalimaliza magari saba, aliyeshinda ni Nick Nowicki mara zote mbili, gari ni Peugeot 404. 1975 Ove Andersson, Peugeot 504. 1978 Nicolas, Peugeot 504. Sasa nyie na Datsun yenu.

Mimi nina 504 ya familia, stesheni wagoni, imebeba migebuka, imebeba maharusi, imebeba wagonjwa kutoka Kasulu. Ninauliza, huo mkutano ni wa Datsun tu au ni wa magari?

Garaji la Isevya

Shikamoo mzee wangu. Historia umetuvua nguo hadharani, tumekubali. Ila Datsun tunajibu, Mehta alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, minne mfululizo, zote Datsun. Jumla matano.

Mzee 504 njoo nayo, tutakupangia heshima yako. Ila ni mbali, usiku usitembee.

Mzee wa Pijo

Marahaba. Mbali kwa nani? Zamani tulikuwa tunapandisha gari kwenye behewa la treni kwasababu njia ya Uvinza masika haipitiki, pale Malagarasi unalala na mbu. Leo sehemu kubwa ni lami na daraja lipo, unaniambia mbali. Kilomita mia nne na kitu 504 inaamka ndo inapata joto.

Mwisho wa Reli

Mzee nipakie na mimi, nachangia mafuta. Gari sina ila nina dagaa gunia.

Bwana Athlete

Na mimi nakuja kuangalia tu. Na Crown yangu.

Garaji la Isevya

Athlete karibu ila njia ya Kwihara ina mawe na gari yako umeishusha. Nakwambia mapema.

Bwana Athlete

Njia ya kwenda makumbusho imshinde Crown?

Garaji la Isevya

MREJESHO

Wadau samahani kwa ukimya, nililala siku nzima iliyofuata. Acha niandike vile ilivyokuwa, mtu asije akasema hatukuwepo.

Saa mbili asubuhi stesheni kulikuwa na pikapu 720 mbili, moja ya muuza asali wa Sikonge imekuja na ndoo zake kabisa nyuma, hajapoteza safari. 180B moja ya mwalimu mstaafu. Patrol ya kutoka Urambo ambayo inanuka tumbaku mpaka leo. 120Y ya dada, aisee ile gari ni safi, Kabureta Mbili alikwenda akaizunguka, akafungua boneti akaangalia ile injini ya Corolla, akafunga taratibu, akasema "bodi nimeipenda". Tumeichukua hiyo hiyo. Na kabla hatujamaliza chai tukasikia honi, 504 ya Ujiji hiyo, vumbi kidogo tu maana sehemu kubwa imetembea lami, watu sita ndani na mbuzi juu sijui wa nini. Mzee kashuka kanzu nyeupe na kofia, kasalimia wote, kauliza Datsun iko wapi.

Datsun ilikuwa bado. Mwenye Z alitaka aingie wa mwisho, nilimwambia mzee wangu twende mapema jua halijakali akasema bibi harusi hawahi. Basi akaja. Nyie mliozoea magari ya sasa yanayonong'ona, ile silinda sita na kabureta mbili ikija kwa gia ya pili kutoka kona ya barabara ya stesheni utadhani inakuita jina. Watu waliokuwa wanasubiri treni waliacha mizigo. Nyekundu, boneti tumelipaka jeusi lisilong'aa kama zile za Safari, jeusi lile kazi yake ni kuzuia jua lisimpige dereva machoni kwa ile boneti ilivyo ndefu, sio urembo. Kabureta Mbili hapo tena alikuwa na neno, kwamba gari ya mzee haikushiriki mbio kwahiyo boneti jeusi ni kudanganya umma. Mzee mwenyewe akamjibu, "Na wewe hiyo jezi ya Yanga uliyovaa umecheza lini?" Hoja ikafungwa.

Tukaondoka. Z mbele, 504 ikakataa kukaa nyuma, mzee wa Ujiji akasema atakaa pembeni, kwahiyo mpaka tunatoka mjini wazee wawili wanakwenda sambamba na barabara yote wameimaliza, bodaboda wanapita kwenye mitaro. Kwenye vumbi ndo mambo. Mwenye Z ana miaka sabini na zaidi na mimi nilikuwa siti ya abiria, ile ya kuku. Nilidhani ataendesha taratibu kumbe alikuwa anasubiri tuache lami. Gia ya tatu, usukani mikononi unacheza mwenyewe kidogo kushoto kulia naye anauachia ucheze, hashindani nao, mkia unatoka kwenye kona anauachia utoke halafu anaurudisha kwa petroli wala sio kwa usukani. Ile gari ina shokapu za kujitegemea kila tairi, nyuma pia, na 1969 magari mengi ya bei ile nyuma yalikuwa na eksoli ngumu moja. Hicho kitu nilikuwa nakijua kwa kukisoma na kwa kukifungua na spana. Kukikalia juu ya mawe ya Kwihara ni kitu kingine, tairi moja linaruka, lile lingine halina habari.

Nilielewa kwanini ilishinda. Nguvu inayo, ila zaidi ni kwamba inavumilia. Mwaka 1972 hiyohiyo 240Z ilikwenda Monte Carlo kwenye barafu ikashika nafasi ya tatu, Rauno Aaltonen usukani, aliyekuwa anamsomea ramani ni Jean Todt, huyo huyo aliyekuja kuiongoza timu ya Ferrari na baadaye FIA, shirikisho la mbio za magari duniani. Gari moja, barafu huku, tope kule. Ile ya ushindi wa 1971 Nissan wanayo mpaka leo kwenye ghala lao la kumbukumbu huko Zama, Japani.

Athlete. Ndugu zangu Athlete alikuja kweli, miwani myeusi, muziki. Aliishia kwenye mawe ya kwanza, kukasikika sauti, ekzosti ikabaki inaning'inia. Nimeifunga kwa waya akapanda nyuma ya pikapu ya asali akaja mpaka Kwihara amekaa juu ya ndoo.

Kwihara tulikaa chini ya mti, tembe liko pale, ndo hapo Livingstone alikaa 1872 akisubiri wapagazi baada ya kuachana na Stanley. Pilau ya dada, dagaa wa Kigoma, asali. Watoto wa pale kijijini walizunguka Z wakaandika majina yao yote kwenye vumbi la milangoni kwa vidole, mmoja kachora na mpira. Nilimwangalia mzee nikadhani atafoka, akaenda akawauliza mbona huku nyuma hamjaandika.

Kurudi, nadhani mmeshajua. Saa nane jua kali, Z ikagoma. Boneti juu, kanyaga mpaka chini, shikilia, stata, hamna. Tena, hamna. Mzee wa Pijo kasimama pembeni mikono nyuma hasemi kitu ila uso unasema vyote. Kabureta Mbili akamwaga maji ya kunywa juu ya bomba la petroli taratibu, tukangoja kidogo, ikawaka. Kwahiyo sharti langu halikuvunjwa, hakuna aliyevutwa. Crown haihesabiki maana haikuwa mshiriki.

Picha nazipandisha usiku bando likiruhusu.

Bwana Athlete

Yale mawe yalikuwa yamewekwa. Ila nikiri ile sauti ya Z sio mchezo. Mleta uzi kuna nyingine inauzwa popote? Hata mbovu.

Kabureta Mbili

Mbovu usinunue kama hujaangalia chini ya betri. Nimeshasema.

Dada wa Kitete

Sufuria yangu kubwa ya pilau imepanda na gari gani? Nimetafuta 120Y nzima haipo.

Mwisho wa Reli

Dada ipo Kigoma, ilikuwa na mbuzi kwenye keria. Tunaileta au uje kuichukua mwenyewe na 120Y, mwakani mkutano unafanyika Ujiji, mzee ameshasema.

Garaji la Isevya

Ameshasema na nani? Ni sherehe ya Datsun hiyo.

Mzee wa Pijo

Nimesema. Na safari hiyo 504 ndiyo inatangulia.